Nyuma ya Mkono wa Mzee Odera

Najua mtacheka. Mtu hajafika miaka thelathini anasema amestaafu. Chekeni tu, halafu mkimaliza msome. Daktari ameniambia kifua changu hakitaki tena moshi ya risasi ya kuchomelea waya wala vumbi ya mashine za watu, na mimi nimebishana na huyo daktari mpaka akanifungulia mlango. Kwa hivyo naenda Bungoma, kwa hewa. Lakini siwezi kutoka hapa kwa meza yetu, kando ya Jogoo Road hapa Nairobi, bila kuwaachia nyinyi vijana venye kazi hii ilikuwa tukianza. Juu nimewasikia mkiongea. Nimesikia mmoja wenu akiuliza, "Na huyu mzee wa koti, yeye hufanya nini hasa?" Nilinyamaza siku hiyo. Mimi kunyamaza! Sasa nakujibu.

Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Hapa hakuna cheo. Kuna Madam Rehema, mwenye hili duka la kutengeneza mashine, halafu kuna sisi wengine.

Mimi sikusomea hii kazi mahali. Nilianza na redio ya jirani yetu Kaloleni, nikaifungua ikiwa mzima, nikaifunga ikiwa mgonjwa, nikachapwa. Nikarudi nikaitengeneza, nikachapwa tena kwa kuigusa mara ya pili. Ndiyo shule hiyo. Nilipoingia kwa Madam nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko ujuzi, na bisbis moja ya kuazima. Madam aliniangalia kutoka kiatu mpaka kichwa akasema, "Unaongea sana. Kaa hapo kando ya Mzee Odera. Yeye pia anaongea sana. Mtachokeshana."

Mzee Odera alikuwa ametoka reli. Alitengeneza mabehewa tangu akiwa kijana, halafu miaka ya tisini ikaja na ile habari ya kupunguza wafanyakazi, akapewa mkono wa kwaheri na wenzake wengi. Kaloleni yetu ilijaa wazee wa kukaa kwa ngazi mchana. Yeye hakukaa kwa ngazi. Alipiga pasi lile koti lake la kazi mpaka likasimama lenyewe, akavaa kofia yake iliyoinama upande, akatembea mlango kwa mlango akitengeneza mota za blenda, za cherehani, za feni. Madam akamwona, akamchukua. Na msidhani alikuwa mpole. Anajipenda huyo mzee! Ukimsifu koti anakuonyesha mpaka kitambaa cha ndani. Ukimbishia mpira hataongea na wewe mpaka kesho.

Siku yangu ya kwanza alinikataza kushika bisbis.

"Leo utashika joto," akasema.

"Joto nalijua, Mzee."

"Shika hapo." Akanionyesha kompyuta moja ya mezani iliyokuwa inafanya kazi. Nikaweka kiganja. "Iko moto ama haiko?"

"Iko sawa."

"Omera, ndugu yangu, hicho kiganja chako kimeshika ugali moto tangu ukiwa na meno mbili. Kimekufa. Hakisikii. Geuza."

Nikageuza, nikaweka nyuma ya mkono. Wacha niwaambie, ilikuwa kama mashine nyingine. Upande mmoja ulikuwa unachoma, mwingine umepoa.

Hiyo ndiyo desturi ya reli. Gari moshi likisimama steshoni kubwa, mtu anashuka, anatembea kando ya mabehewa, anagusa kila kasha la ekseli kwa nyuma ya mkono. Kasha likiwa moto sana, ekseli inakauka, inaweza kukatika mbele ya safari na watu ndani. Wanatumia nyuma ya mkono kwanza juu ngozi ya hapo haijazoea taabu. Pili, Mzee alisema, ukiungua, uungue upande ambao haufanyi kazi.

Mchana huo wote niligusa mashine. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto, hayo hayakuhitaji kupimwa na mkono.

Halafu laptopu zikaanza kuja. Kwanza moja moja, za mitumba kutoka Dubai na Ulaya, watu wanazibeba kwa mifuko ya plastiki kama mkate. Hakuna mtu wa huku alikuwa amezifungua. Mimi nilitaka kuzikimbilia. Mzee aliniambia nitulie, ndani kuna feni ndogo kama kifuniko cha kopo la mafuta ya Kimbo, na yeye feni anazijua.

Andikeni hii mahali. Laptopu ikipiga kelele, msifungue kwanza. Mzee alikuwa anachukua bisbis ndefu, anaweka ncha karibu na tundu la feni, mpini kwa sikio, anafunga macho. Kelele ya kukwaruza ni kitu kimeguswa na panga za feni, mara nyingi waya. Kelele ya kutetemeka ni ekseli yake imelegea. Na kelele ya kuguruma tu, kama kisiagi cha mahindi, hiyo ni feni nzima inayokimbia kwa sababu kuna joto mahali. Kusafisha, tulitumia unyoya wa kuku na pampu ya baiskeli. Na ukipuliza, shikilia panga na njiti ya kiberiti zisizunguke, juu upepo wa pampu unazungusha feni kuliko umeme, na unaiua ukidhani unaiosha. Kuna mtu hapa ameua mbili. Simtaji, anajijua.

Juu ya prosesa, kati yake na kile kipande cha bati kinachonyonya joto, kuna ile dawa nyeupe. Ikikauka inakuwa kama chaki. Futa, paka mpya, nyembamba. Nimewaona mkipaka kama blubandi kwa mkate. Acheni.

Sasa nifike kwa kesi yenyewe.

Kulikuwa na dada mmoja anaitwa Agneta, anaishi Makadara na mama yake. Kazi yake ilikuwa kuchapa programu za mazishi. Nyinyi mnajua mambo yetu watu wa magharibi: mtu akilala Nairobi lazima alazwe nyumbani, gari inaondoka Ijumaa jioni, na ile programu lazima iwe imebebwa, yenye picha na hadithi ya maisha yake na majina ya watoto wote. Jina moja likiachwa nje ni vita ya ukoo. Agneta alikuwa anazipanga zote kwa laptopu yake, nyumbani, usiku na mchana. Na kila familia aliyoichapia ilitumwa kwetu kama ina kompyuta mbovu. Kwa hivyo Madam alimheshimu huyo dada kama balozi.

Akaja na laptopu inaguruma. "Mama hawezi kusikia taarifa ya habari," akasema. "Toeni hii kelele."

Mzee akaifungua. Akakuta feni imejaa manyoya meupe laini, akayatoa. Ekseli ilikuwa imelegea kidogo. Akachukua grisi kwa kopo lake, ile grisi nzito ya kahawia aliyotoka nayo reli, akajaza kale kashimo ka ekseli vizuri, akafunga. Tukawasha. Kimya kabisa. Agneta akapiga makofi. Mzee akainamisha kofia. Mimi nikamwambia kila mtu aliyepita kwa mlango, hata wa kuuza njugu.

Haikuisha wiki, akarudi. Sasa hakuna kelele, lakini ikifanya kazi kidogo inajizima pap. Ukiigusa chini, moto. Tukaifungua, tukakuta tena manyoya meupe. Mzee akasafisha, akapaka dawa mpya kwa prosesa, tukaiwasha kwa meza yetu mchana mzima. Haikujizima hata mara moja. Akarudishiwa.

Mara ya tatu hakuja peke yake, alikuja na machozi. Laptopu ilijizima Ijumaa katikati ya kazi, akaiwasha, ikajizima tena, mpaka gari ya mazishi ikaondoka. Wale watu walimzika baba yao bila programu. Mtoto wa kwanza alisimama kaburini akasoma hadithi ya baba kutoka kichwani, akasahau dada yake mdogo. "Sasa hawaongei," Agneta akasema. "Na mimi wananipita kwa njia kama mtu hawajui."

Madam Rehema alimsikiza mpaka mwisho. Halafu akageukia meza yetu, na hakupandisha sauti. Akipandisha sauti kuna nafuu.

"Mzee Odera, mimi nakuheshimu. Lakini hii mashine ikirudi hapa mara nyingine, wewe utarudi kwa blenda na pasi za mlango kwa mlango. Meza yangu ni ya mtu anayejua laptopu."

 Mzee alikuwa anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mtu ameambiwa gari lake limefika. Nilijua anachofikiria. Huyu mtu alikuwa amefukuzwa kazi mara moja, na akainuka. Mara ya pili, kwa umri ule, angekaa kwa ngazi na wale wengine, na hangeinuka.

Mimi ndio nilijibu. Nilipiga bisbis kwa meza mpaka ikaruka.

"Akitoka, natoka!"

"Mlango haujafungwa, Barasa," Madam akasema.

"Nani alikufundisha hizi feni? Si yeye? Hii duka yote nani anajua—"

"Nyamaza, kijana," Mzee akasema. "Unapiga honi na gari imesimama." Akaokota manyoya meupe aliyokuwa ametoa kwa feni, akayaviringisha kwa vidole. "Vumbi ya Nairobi ni rangi gani?"

"Ya udongo," nikasema. "Ama nyeusi, ya moshi."

"Na hii ni nyeupe kama ya hospitali. Dada Agneta, hii mashine si mgonjwa hapa. Ni mgonjwa kwako. Tunaweza kuja?"

Tukaenda Makadara na Agneta, tukiwa tumebeba laptopu kama mtoto. Njiani nilikuwa nimewaka moto kwa hasira. Nilisema nikipata mtu anaichezea nitamwonyesha. Mzee akaniambia nichague, nitamwonyesha mtu ama nitaingia ndani.

Mlango ulipofunguliwa, niliona jibu kabla sijaketi, na hata nyinyi mngeliona. Vitambaa! Vitambaa vya kushona kwa mkono, vyeupe pe, kila mahali. Kwa viti, kwa mikono ya viti, kwa televisheni, kwa redio, kwa thermos ya chai. Hata simu ya mezani ilikuwa na chake, chenye maua mengi pembeni. Na katikati ya meza ya Agneta, kitambaa kikubwa kuliko vyote, kinene, kimesimama kama povu. Hapo ndipo laptopu ilikuwa inalala.

"Na ukienda jikoni?" Mzee akauliza.

"Mama huifunika," Agneta akasema. "Na kile kingine."

"Ikiwa imewaka?"

Mama yake akaingia na soda kwa trei. Mama wa heshima zake, leso kiunoni. "Ikiwa imewaka ama imezimwa," akasema. "Kitu ya maana unaiachaje uchi, vumbi ikiona?"

Hapo damu ilinipanda. Tumbo la laptopu ndilo linavuta hewa, na huyu mama ameiwekea godoro chini na blanketi juu! Mzee karibu apoteze kazi yake kwa sababu ya maua ya uzi! Nikafungua mdomo, "Mama, unajua ume—" na Mzee akanikanyaga kiatu. Kile kiatu chake cha reli. Hadi leo ukucha wangu unakumbuka.

"Mama," akasema, "hii kazi ni yako? Hizi fundo hazina kosa hata moja."

"Ni zangu zote, baba."

"Nimeziona kwa nyumba za wakubwa zikiwa mbaya kuliko hii." Na hakuwa anadanganya, alikishika kile kitambaa na kukiangalia kama anavyoangalia koti lake. "Sasa nataka unisaidie kitu." Akawasha laptopu, akaiinua kidogo. "Weka mkono hapa chini. Hapana, mama, usiweke kiganja. Nyuma ya mkono."

Mama akaweka, akacheka. "Si hivi ndivyo tunapima mtoto homa?"

"Hivyo hivyo. Unasikia nini?"

Akausogeza mkono polepole. "Inavuta. Iko na pumzi."

"Inapumulia tumbo," Mzee akasema. 

Mama aliangalia kitambaa, akaangalia mkono wake, akaangalia binti yake. "Yesu wangu," akasema. "Nimekuwa nikimfunika mtoto mwenye homa." Akakikunja kile kitambaa yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Akatoa soda kwa trei, akaipangusa hiyo trei, akaiweka mezani. "Basi ilale hapa. Kwa kitu kigumu." Mzee akaokota vifuniko vya zile soda, akaweka kimoja kwa kila pembe, laptopu ikasimama juu yao kama meza ndogo, hewa inapita chini.

Mimi tayari nilikuwa najiandaa kuondoka na ushindi. Mzee hakusimama. Aliweka nyuma ya mkono pembeni, pale ambapo feni inatoa hewa, akauacha hapo. Uso wake ukabadilika.

"Inavuta kidogo," akasema polepole. "Inatoa kidogo. Na kitambaa kimetoka."

"Mzee, imepona," nikamwambia.

"Haijapona. Imenyamaza." Akachukua bisbis, akaifungua hapo hapo mezani kwa mama. Akazungusha feni kwa kidole. Ilisimama mara moja, kama mtu ametembea kwa matope. Grisi yake. Kwa ekseli inayobeba tani za mahindi mpaka Kisumu, ile grisi ni dawa. Kwa kafeni kanakobeba hewa tu, ilikuwa breki. Ndiyo maana kelele ilikwisha: feni ilikuwa haikimbii. Kwa meza yetu yenye baridi, feni kujikokota tu kulitosha. Kwa godoro la mama haikuweza.

Aliomba mafuta taa kidogo na pamba, akaosha grisi yote. Akaomba mafuta ya cherehani, akatia tone moja tu, kwa ncha ya sindano. Akafunga, akawasha. Feni ikalia.

"Kelele imerudi!" Agneta akasema.

"Hiyo ni ya kufanya kazi. Ikinyamaza tena ndiyo unikujie." Akamwambia Agneta afanye kazi yake hapo mbele yetu, na dada akaandika mpaka soda zikaisha na za pili zikaletwa. Haikujizima. Tena ikashuka sauti yenyewe, ilipoona joto limepungua. Mama akaweka kile kitambaa kwa mabega ya Mzee, juu ya koti, akasema ni chake.

Tukirudi kwa miguu nikamwambia mpango wangu. "Mzee, Madam tunamwambia ni vitambaa. Si ni ukweli?"

"Ni nusu."

"Hiyo nusu inatosha! Hiyo nyingine inakufukuza kazi. Nani anajua ile grisi ilikuwa yako? Ni mimi na wewe, na mimi sisemi hata wakinichoma."

"Najua," akasema. Na akaongeza mwendo mpaka duka.

Madam alikuwa anangoja mlangoni. Mimi nikakimbilia mbele, "Madam, ni vitambaa, nyumba yote—" na Mzee akanipita.

"Vitambaa vilikuwa vyao," akasema. "Grisi ilikuwa yangu. Niliweka grisi ya behewa kwa feni ya laptopu. Ikaacha kuzunguka, nikaita hiyo kupona. Wale watu waliozika bila programu, sehemu ya hilo kosa ni yangu. Sasa inafanya kazi, lakini ulisema ikirudi natoka, na mimi ndio nilifanya irudi."

Mimi nikawa nimeshika ule mlango tayari.

"Ungenyamaza," Madam akamwambia, "mimi ningejuaje?"

"Hungejua."

"Barasa. Toka kwa hicho kiti chako."

Nikajua ni mwisho. Wote wawili. Kiti changu kilikuwa karibu na dirisha, cha pekee kilichokuwa na mgongo, nilikipigania na watu. Nikakiinua nikakiweka katikati ya duka, kama mtu anatoa vitu vyake nje.

"Usiniwekee njiani," Madam akasema. "Mpe Mzee. Kuanzia leo mashine yoyote yenye joto inapita kwake kwanza, halafu ndiyo nyinyi wengine mnaigusa. Mtu anayeweza kuniambia alipokosea, huyo ndiye nataka karibu na dirisha. Na wewe, si ulikuwa unatoka?"

"Kama anabaki, nabaki," nikasema.

"Stuli iko nyuma ya mlango."

Nimekalia hiyo stuli mpaka wiki hii. Haina mgongo na mguu mmoja ni mfupi. Sasa naondoka mimi, kijana, na Mzee bado yuko hapo kwa dirisha, koti limepigwa pasi, anagusa mashine zenu kwa nyuma ya mkono na nyinyi mnadhani anapapasa. Basi yule aliyeuliza anafanya nini hasa, achukue stuli, akae kando yake, anyamaze. Na asithubutu mtu kumtajia neno kustaafu. Nikisikia, nitapanda basi kutoka Bungoma nikuje nikuulize vizuri.